Redio ya serikali inayowatangazia wageni: inafungwa na sheria ya nani?

Msomaji mmoja, mtayarishaji wa vipindi katika redio ya jamii magharibi mwa Tanzania, ameuliza hivi: "Kwa miaka mingi tulikuwa tunapokea habari za Kiswahili za Sauti ya Amerika na kuzirusha kwenye FM yetu. Machi 2025 zikakatika ghafla. Mzee mmoja anayetusikiliza akatuambia kuwa hata Wamarekani wenyewe walikatazwa na sheria kuisikiliza redio hiyo. Ni kweli? Na ni sheria gani inayoiruhusu serikali ya nchi moja kuzungumza na raia wa nchi nyingine bila kupiga hodi? Halafu sisi tunaorusha tena habari zao, likitokea la kutokea anayejibu ni nani?"

Ndugu mtayarishaji,

Mzee wenu hakukosea sana, ila kuna mahali pamoja amepageuza, na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Sheria ya Marekani haikuwahi kumkataza Mmarekani kusikiliza Sauti ya Amerika. Mwenye redio ya masafa mafupi kule Texas aliweza kuitafuta, akaipata, akaisikiliza hadi usiku wa manane bila polisi kumgusa. Aliyekatazwa ni serikali yenyewe: isichukue vipindi ilivyotengeneza kwa ajili ya watu wa nje ikawatangazia raia wake. Kamba alifungwa mtangazaji, msikilizaji akabaki huru.

Sauti ya Amerika ilianza Februari 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na matangazo yake ya kwanza yalikuwa ya Kijerumani. Vita vilipokwisha haikuwa na sheria ya kudumu ya kusimamia, na wapo wabunge waliotaka ifungwe kabisa. Tarehe 27 Januari 1948 Rais Truman alitia saini sheria ambayo mpaka leo inajulikana kwa majina ya walioipeleka bungeni, Seneta Alexander Smith wa New Jersey na mbunge Karl Mundt wa South Dakota. Sheria ya Smith-Mundt iliipa Wizara ya Mambo ya Nje ruhusa ya kuieleza Marekani kwa watu wa mataifa mengine kwa redio, magazeti, vitabu na kubadilishana wanafunzi na wasomi. Bungeni hofu zilikuwa nyingi, na mbili zilisikika zaidi. Ya kwanza, kwamba rais yeyote atakayekuwa madarakani angeigeuza redio hiyo kuwa ya kumpigia debe. Ya pili ilikuwa ya kibiashara: mashirika binafsi ya habari hayakutaka mshindani anayelipwa kwa kodi.

Watu husema marufuku ile ilizaliwa ikiwa kali mwaka huohuo wa 1948. Si hivyo. Ilikazwa baadaye, na ilikazwa kwa ugomvi. Mapema miaka ya 1970 Seneta James Buckley wa New York aliionyesha kwenye televisheni, kwa wapiga kura wake, filamu iliyotengenezwa na shirika la serikali la habari kwa ajili ya nje. Seneta William Fulbright, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje na mtu asiyependa propaganda za serikali hata chembe, alikasirika. Mwaka 1972 Bunge likaandika bayana kuwa vitu hivyo visisambazwe ndani ya Marekani. Mwaka 1985 Seneta Edward Zorinsky wa Nebraska akaongeza fundo jingine: fedha za shirika hilo zisitumike kushawishi maoni ya umma wa Marekani. Mambo yakafika mahali ambapo mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya Washington ilikubali kwamba raia hawezi kudai nakala za vipindi hivyo hata kwa kutumia sheria ya haki ya kupata taarifa za serikali. Yaani mlipa kodi alikuwa analipia matangazo ambayo wewe huko Tanzania ulikuwa na haki ya kuyapata kuliko yeye.

Upuuzi wa jambo hili ulionekana vizuri zaidi kwa watu wa ukanda wetu. Minneapolis kuna jamii kubwa ya Wasomali, na kituo cha redio cha jamii hiyo kiliomba kurusha vipindi vya Kisomali vya Sauti ya Amerika. Kikanyimwa, kwa sababu Minneapolis iko Marekani. Vipindi hivyohivyo vilikuwa vikisikika Mogadishu bila tatizo, na kwa intaneti mtu yeyote wa Minneapolis angeweza kuvifungua kwenye simu yake. Sheria ya zama za masafa mafupi ilikuwa imeishiwa pumzi.

Wabunge Mac Thornberry wa Republican na Adam Smith wa Democratic wakaleta marekebisho yaliyochomekwa ndani ya sheria ya bajeti ya ulinzi, yakasainiwa mapema Januari 2013 na kuanza kutumika tarehe 2 Julai mwaka huo. Tangu hapo kituo cha Marekani kikiomba kipindi, kinapewa. Wapo walioandika mitandaoni kwamba siku ile propaganda ilihalalishwa Marekani. Walisoma nusu ya kifungu. Katazo la kutumia fedha hizo kushawishi maoni ya Wamarekani limebaki palepale. Kilichoondoka ni katazo la kuwapa wanaoomba. Kwa hiyo mwambie mzee: sheria anayoikumbuka ipo, ila imelegezwa.

Hiyo ndiyo sheria maarufu. Kwa msikilizaji wa Kigoma au Tabora, kusema kweli, haikuwa na uzito wowote. Iliyokuwa inamgusa ni nyingine, ambayo haijulikani sana.

Redio ya serikali ina ugonjwa wa kuzaliwa nao. Serikali inalipa ili isikike vizuri, na msikilizaji anafungua ili apate habari za kweli. Mabosi wa Sauti ya Amerika waliliona hilo mapema, na mwaka 1960 wakawa wameshaandika hati fupi ya kanuni za kazi. Ilikuwa karatasi ya ofisini tu mpaka tarehe 12 Julai 1976, Rais Gerald Ford alipoitia saini ikawa sheria, baada ya Seneta Charles Percy na mbunge Bella Abzug kuipigania. Ina mambo matatu. La kwanza, redio iwe chanzo cha habari cha kutegemewa, na habari zake ziwe sahihi, zisiegemee upande na zisiache mambo. La pili, iwakilishe Marekani nzima, si kundi moja ndani yake. La tatu, ieleze sera za Marekani kwa uwazi, na ilete pia mijadala na maoni tofauti kuhusu sera hizo.

Ukiyasoma kwa haraka yanapatana. Ukiyasoma ukiwa kwenye chumba cha habari, la kwanza na la tatu yanavutana kila siku. Njia iliyotumika kuyatenganisha ni ya kizamani lakini ilikuwa na akili: habari zinasomwa kama habari, na msimamo wa serikali unawekwa pembeni kama tahariri, ukitambulishwa kuwa ni maoni ya serikali ya Marekani. Bila shaka mlikuwa mnazisikia. Vituo vingi vinavyorusha tena huzikata ili kupata nafasi ya tangazo la sabuni, na mimi siwalaumu kwa kuchoka kuzisikiliza. Ila zilikuwa na kazi yake: zilimwonyesha msikilizaji mpaka uko wapi.

Mwaka 1994 Bunge likaongeza ulinzi wa pili. Sheria ya utangazaji wa kimataifa ya mwaka huo iliweka bodi ya watu wa vyama vyote viwili katikati ya wanasiasa na waandishi, na ikataka weledi wa waandishi na uhuru wao wa kikazi uheshimiwe. Wenyewe wanauita ukuta wa moto. Lakini mwishoni mwa 2016, sheria nyingine iliyochomekwa kwenye bajeti ya ulinzi iliipokonya bodi madaraka na kuyaweka mikononi mwa mtendaji mkuu mmoja anayeteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti. Sababu ilikuwa nzuri: bodi ya watu wa muda ilikuwa inasuasua. Matokeo yake ni kwamba ukuta ulibaki na mlango mmoja, na funguo akapewa mtu wa rais.

Miaka minne baadaye mlango ukafunguliwa. Mtendaji aliyeteuliwa na Rais Trump, Michael Pack, aliingia Juni 2020, na Oktoba akaifuta kanuni iliyofafanua ukuta huo, akisema inamzuia kusimamia shirika. Mwezi uliofuata Jaji Beryl Howell wa Washington akamzuia kuingilia maamuzi ya wahariri. Hoja ya jaji inafaa kukumbukwa na yeyote anayefundisha sheria za habari: waandishi wale ni watumishi wa serikali, ndiyo, lakini serikali haikuwaajiri waseme kwa niaba yake. Iliwaajiri wafanye uandishi wa habari, na katiba inawalinda katika kazi hiyo.

Sasa tuje Machi 2025, yaliyowakuta ninyi. Tarehe 14 Rais Trump alisaini amri iliyoagiza shirika mama la Sauti ya Amerika lipunguzwe hadi kile tu kinacholazimishwa na sheria. Kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 waliambiwa wakae nyumbani kwa likizo ya malipo, na vipindi vya lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, vikanyamaza. Idhaa hiyo ya Kiswahili ilikuwa hewani tangu 1962. Waandishi wakaenda mahakamani, mmoja wao akiwa Patsy Widakuswara, aliyekuwa mkuu wa waandishi wa redio hiyo Ikulu ya Marekani. Tarehe 22 Aprili Jaji Royce Lamberth akatoa zuio. Alichoegemea ni maneno ya ile hati ya 1976: sheria inataka pawe na chanzo cha habari cha kutegemewa kila wakati, na redio iliyozimwa haiwezi kutegemewa. Fedha zimepangwa na Bunge, na rais hana ruhusa ya kuzikalia. Siku chache baadaye mahakama ya rufaa ikasimamisha sehemu za zuio hilo zilizohusu kuwarudisha wafanyakazi na kulipa ruzuku, ikaiacha sehemu inayotaka matakwa ya sheria yatimizwe. Kisha ukaja mvutano mrefu juu ya swali moja: kutimiza sheria kunahitaji watu wangapi, saa ngapi, na lugha zipi?

Udhaifu ulikuwa hapo. Hati ya 1976 haitaji lugha hata moja. Inasema habari ziweje, haisemi zisomwe kwa Kiswahili. Sheria za Marekani zimejengwa kulinda kilichomo ndani ya kipindi, na kwa kazi hiyo si mbaya. Zimekuwa dhaifu katika kulinda kuwepo kwa kipindi chenyewe. Wahariri wa idhaa ya Kiswahili walikuwa na haki ya kukataa kuambiwa waseme nini kuhusu uchaguzi wa Kenya au vita vya Kivu. Hawakuwa na kifungu cha kumwonyesha aliyekuja kuzima mitambo.

Waingereza wamefanya kinyume, na sijui kama walikusudia. BBC si idara ya serikali. Inafanya kazi chini ya hati ya kifalme, ya sasa ikiisha mwishoni mwa 2027, pamoja na makubaliano kati yake na serikali. Makubaliano hayo yanasema maudhui ni ya wahariri, basi. Lakini lugha zinazotangazwa na Idhaa ya Dunia zinahitaji ridhaa ya Waziri wa Mambo ya Nje: BBC haiwezi kufungua wala kufunga huduma ya lugha bila yeye. Mpaka Machi 2014 fedha zilitoka wizarani. Baada ya hapo zikahamishiwa kwenye ada ya televisheni anayolipa mwananchi, na tangu 2016 wizara imerudi kuongezea ruzuku. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza tarehe 27 Juni 1957, ina ulinzi mdogo ambao ndugu yake wa Washington hakuwa nao: ili ifungwe, waziri lazima akubali kwa jina lake, naye atakwenda kujieleza bungeni.

Wajerumani ndio wenye sheria ninayoipenda zaidi kama mtu wa fani. Huko redio ni mambo ya majimbo, serikali kuu haigusi, na baada ya Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, kila mtu anaelewa kwa nini. Deutsche Welle inaruhusiwa kuwa ya serikali kuu kwa sababu inatangaza nje tu, na mambo ya nje ni ya serikali kuu. Ina sheria yake yenyewe ya mwaka 1997, iliyofanyiwa marekebisho makubwa kuanzia 2005. Fedha zinatoka kwenye kodi, lakini serikali inaweza tu kuangalia kama sheria imefuatwa. Haina ruhusa kusema kipindi fulani kilikuwa kibaya. Mipango ya kazi inaandikwa na Deutsche Welle yenyewe kwa miaka kadhaa mbele, serikali na bunge wanatoa maoni, kisha mwenye uamuzi ni shirika. Bajeti hata hivyo ni ya bunge, na bajeti ikipungua idhaa hupungua.

Umeuliza nani anawapa ruhusa ya kuingia bila hodi. Kwa masafa mafupi jibu ni kwamba hakuna anayetoa na hakuna anayehitaji kuomba. Wimbi linapanda kwenye tabaka la juu la anga, linarudi chini maelfu ya kilomita mbele, na pale kwenye mpaka hakuna afisa wa forodha. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, wenye makao yake Geneva, unachopanga ni masafa tu. Mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, ratiba za dunia nzima hubadilika ili vituo visigongane. Unaulizwa unarusha kwa kilohezi ngapi, kwa nguvu kiasi gani, kuelekea wapi. Utakachosema hakuna anayeuliza.

Kinachohitaji ruhusa ni mitambo ikiwa iko kwenye ardhi ya mtu. Sauti ya Amerika iliwafikia watu wa Afrika kutoka Pinheira kule São Tomé na kutoka Selebi-Phikwe, Botswana, kwa mikataba na serikali za nchi hizo. Deutsche Welle ilikuwa na mitambo yake Kigali tangu 1965 hadi 2015. Mwenye ardhi akikasirika, mkataba unavunjika, na hilo ni pingu ya kweli kuliko maazimio mengi ya kimataifa.

Si kwamba hakuna aliyejaribu kuyadhibiti maneno. Mwaka 1936, chini ya Ushirika wa Mataifa, uliotangulia Umoja wa Mataifa, ulitiwa saini mkataba wa kutumia redio kwa ajili ya amani, ukaanza kufanya kazi 1938. Unakataza kuwachochea watu wa nchi nyingine kuvunja amani ya ndani, kuchochea vita, na kutangaza uongo wa kuharibu maelewano ya mataifa. Ujerumani, Italia na Japani hazikuingia, na bila hizo mkataba ule ungemzuia nani mwaka 1938? Marekani nayo haikuingia. Uingereza ilijitoa mwaka 1985. Baada ya vita likaja Azimio la Haki za Binadamu la 1948, ambalo kifungu chake cha 19 kinampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka. Mkataba wa haki za kiraia wa 1966 ukaongeza katazo la propaganda za vita, na Marekani ilipouridhia ikaweka kando kifungu hicho ikisema kinagongana na uhuru wa kusema katika katiba yake.

Nikupe mfano mmoja wa namna sheria hizi zinavyoonekana zikiwa kazini. Kanuni za ITU zinasema kwamba kituo kilicho nje ya masafa mafupi, televisheni ikiwemo, kisitumie nguvu zaidi ya zinazohitajika kuhudumia nchi yake vizuri. Machi 1990 Marekani ilianza kurusha TV Martí kuelekea Cuba. Mtambo uliwekwa kwenye puto kubwa lililofungwa kwa waya juu ya Cudjoe Key, kisiwa kidogo kusini mwa Florida, maili nyingi kutoka Havana lakini juu ya kutosha kuiona. Matangazo yalikuwa ya alfajiri, chaneli 13. Cuba ikaziba mawimbi karibu mara moja na kushitaki ITU. Bodi ya masafa ikaipa haki Cuba: hiyo si huduma ya ndani ya nchi. Marekani haikuzima. Kwa miaka mingi walipa kodi wa Marekani waliendelea kulipia televisheni iliyoonwa na Wacuba wachache mno, na Cuba iliendelea kulipia umeme wa kuiziba. Na kuziba nako kunagongana na katiba ya ITU inayokataza kuingilia mawasiliano ya wengine. Umoja wa Kisovieti ulifanya hivyohivyo kwa miongo, ukaiacha Sauti ya Amerika isikike mwaka 1987, na Radio Liberty, redio nyingine ya Marekani iliyowalenga Wasovieti, mwishoni mwa 1988, kwa sababu kiongozi wake Gorbachev aliamua, si kwa hukumu ya chombo chochote.

Sisi wenyewe tumekula matunda ya ulegevu huo. Katikati ya miaka ya 1950 Radio Cairo ilianza kuwatangazia Waafrika Mashariki kwa Kiswahili, ikiwasema Waingereza waziwazi, na magavana wa kikoloni walichoweza kufanya ni kulalamika na kuanzisha matangazo ya kujibu. Baada ya uhuru, idhaa ya nje ya Radio Tanzania Dar es Salaam ikawapa muda wa hewani FRELIMO, ANC, SWAPO na wapigania uhuru wa Zimbabwe. Kwa maneno ya mkataba wa 1936 ule ulikuwa uchochezi wa wazi. Sijakutana na Mtanzania anayeuonea haya, na mimi simo.

FM ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo penu. Wimbi la FM halivuki mbali, kwa hiyo mtangazaji wa nje anahitaji mwenyeji, na mwenyeji ana leseni, na leseni ina mwenyewe. Burundi ilionyesha hilo Mei 2018, siku chache kabla ya kura ya maoni ya katiba, Baraza la Mawasiliano lilipozisimamisha BBC na Sauti ya Amerika. Machi mwaka uliofuata BBC ikafutiwa leseni na ile ya pili ikasimamishwa bila kikomo. Rwanda iliisimamisha idhaa ya Kinyarwanda ya BBC Oktoba 2014, kwa sababu ya filamu ya televisheni ambayo haikutengenezwa na idhaa hiyo. Hakuna aliyelazimika kuvunja mkataba wa kimataifa. Ilitosha barua ya mdhibiti.

Kwa Tanzania, sheria mama ni ile ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, na mdhibiti ni TCRA. Kanuni za maudhui ya redio na televisheni zilirekebishwa mwaka 2020 na kumtaka mwenye leseni apate kibali kabla ya kujiunga na matangazo ya nje. Mtu akikwambia ruhusa ya Washington, au ya Bonn kwenye makao ya Deutsche Welle, inatosha, usimsikilize. Na mbele ya mdhibiti, kilichotoka kwenye masafa yenu ni chenu. "Tulikuwa tunapokea tu" si utetezi. Mtu akikashifiwa katika habari mliyoirusha, mwanasheria wake atahesabu milango ya kubisha: Sauti ya Amerika ni chombo cha dola ya kigeni na dola ina kinga yake mahakamani, BBC na Deutsche Welle wako mbali na wana mawakili wao, ninyi mko barabara ya sokoni, mna bango na namba ya simu ukutani. Atabisha kwenu.

Jambo la hakimiliki nimeliona likiwaponza watu wazuri. Kazi iliyofanywa na mtumishi wa serikali kuu ya Marekani haina hakimiliki nchini mwao, ndiyo maana wengi huona vipindi vya zamani vya Sauti ya Amerika ni mali ya kuokota. Ndani ya vipindi hivyo kuna sauti na ripoti zilizonunuliwa kutoka mashirika kama AP, Reuters na AFP, na hizo zina mwenyewe. Kama mna makasha ya vipindi vya kabla ya 2025 na mnataka kuvirudia kujaza pengo, chagueni vile ambavyo sauti zote ni za watangazaji wa idhaa yenyewe, na visivyo vya habari za siku. Vya BBC na Deutsche Welle msiviguse bila maandishi.

Mkitafuta mwenza mpya, mkataba uandikwe mambo haya kabla ya kujadili muda wa kurusha: kwamba mna haki ya kukata matangazo papo hapo mkiona yanavunja kanuni za hapa; kwamba yeye atawalipia gharama za kesi itokanayo na maudhui yake; kwamba atawapa taarifa ya maandishi, siku 60 angalau, kabla ya kusitisha; na kwamba mnaruhusiwa kutaja kwenye hewa nani anayelipia kipindi hicho. Hilo la mwisho wengine hulikwepa kwa adabu, wakisema litawachosha wasikilizaji. Msikubali. Kisha chukueni nakala, pelekeni TCRA pamoja na barua ya kuomba kibali, na msirushe hata dakika moja ya majaribio kabla jibu halijarudi likiwa na muhuri.